Kupiga

Saa kumi na moja alfajiri, magoti kwenye tope,
mbuga ya Bahi haijaamua bado
kama ni maji au ni anga.
Nimejifunika gunia linalonuka pumba,
nimekumbatia lenzi ya kuazima,
lenzi ya Yeremia, mpiga harusi wa Dodoma mjini,
aliyenikabidhi kama mtu anayekabidhi kichanga:
shika hapa, usiilaze hivi, ikilia nipigie.

Kazi yangu ni pasipoti saizi.
Kibanda nyuma ya stesheni, pazia la bluu, stuli moja.
Nyanyua kidevu. Kaza shingo. Usicheke.
Watu hunitii kwa sababu fomu inawatisha.
Ndege hana fomu.

Wanatangulia yangeyange, weupe kama kwaya ya Pasaka,
wanatua mmoja mmoja, kila mmoja akitafuta nafasi yake
na kumchukia jirani.
Mnandi ameanika mabawa juu ya kisiki, koti la mtu aliyenyeshewa.
Sile-maua anapita juu ya majani ya yungiyungi
kwa hatua za mdaiwa mbele ya duka.
Siwapigi. Betri ni moja.
Ninayemtaka ni domomwiko.

Anakuja jua likiwa kidole kimoja juu ya mpunga.
Anauzamisha mwiko wake, kushoto, kulia,
anakoroga bwawa zima kama uji wa msiba,
hatazami mtu, haonji, haongezi chumvi.
Nami kwangu kila kitu ni mwiko:
kukohoa mwiko, kujikuna mwiko,
mbu kaniketi kwenye kope, na yeye mwiko.

Nyuma yangu, sauti:
"Mbukwa."
Chilewa, miaka tisa au kumi, kombeo shingoni,
debe bovu mkononi. Anaamia mpunga wa bibi yake.
"Mbukwa," nikamjibu kwa pumzi tu.
"Unafanya nini humo?"
"Nampiga yule."
Akamtazama ndege. Akalitazama kombeo lake.
"Mimi nikimpiga anaanguka. Wewe ukimpiga?"
"Anaendelea kula."
Akafikiri, kwa haki kabisa, kama hakimu wa mwanzo.
"Basi umemkosa."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kisha kwelea-kwelea wakatokea upande wa reli,
moshi wenye njaa, ukikunjuka na kujikunja,
na Chilewa akachomoka, debe likalia,
matusi ya Kigogo yakalia, jiwe likaimba,
na mbuga yote ikasimama kwa miguu yake:
yangeyange, mnandi, hata bata niliodhani ni matope,
na domomwiko, mwiko ukidondosha maji,
juu yangu, juu ya gunia, juu ya lenzi ya watu.
Nikabonyeza. Nikabonyeza. Betri ikafa.

Picha arobaini na moja.
Maji. Maji. Mguu. Maji yanayofunga kovu.
Moja tu ina kitu: nusu ya bawa, imefifia,
na mbali chini yake, mdogo kama punje,
mtoto kafungua mdomo wote,
kombeo likiwa duara hewani.
Jicho la ndege halimo.
Nilimwonyesha kabla kioo hakijazima.
"Huyu nani?"
"Wewe."
"Mbona sikuanguka?"
Akacheka, akaondoka na debe lake.

Saa nane mchana Mama Foibe aliingia kibandani,
anataka mbili, za mkopo wa mbolea.
Alikaa. Akanyanyua kidevu mwenyewe, akakaza shingo,
amezoea kuombwa awe mbao.
Sikusema neno.
Treni ya mizigo ikapita, stuli ikatetemeka,
akageuka kidogo kuhesabu mabehewa, midomo ikihesabu naye,
mkono ukasahau kushika ncha ya kitenge.
"Bado?" akauliza.
"Bado."
"Na wewe mbona uko huko chini?"
Nikajitazama. Suruali ina tope la asubuhi lililokauka,
na mbele ya mteja wa picha mbili
nilikuwa nimepiga magoti.