Friza ya Bi Time

"Kilo tisini na mbili," nikamwambia karani pale Mokowe,
"nimeipima mwenyewe, kwa mizani ya saruji dukani kwa Famau."
Akatikisa kichwa. Akavuta utepe:
urefu, upana, kimo,
akabofya kikokotoo kwa ukucha wa kidole gumba.
"Mzigo huu hatuupimi kwa kilo, ndugu. Tunaupima kwa nafasi.
Sanduku tupu hula lori sawa na lililojaa."

Kumbe natozwa hewa.

"Na kwa pesa hizi, ongeza kidogo tu
upate mpya Mombasa, na waranti ya miaka miwili."
Najua. Nilimwambia Barke hayo hayo kwa simu.
Akanyamaza kimya kile cha mama,
cha mtu anayehesabu chenji yako,
kisha akasema: "Ilete."

Asubuhi ile, Langoni, niliichomoa ukutani
baada ya miaka kumi na tisa.
Ikakohoa mara moja, ikatulia,
na nyumba ikaingiwa na ukimya nisioujua,
hata nikamsikia paka wa jirani akijiramba.
Barafu ikaanza kuachana na kuta, vipande vipande,
na chini kabisa, chini ya vichwa vya changu,
nikakuta vifuko kumi na kimoja vya ukwaju
vimefungwa kwa fundo lake,
lile la kuzungusha mara mbili na kuvuta kwa jino.

Alifariki Rajabu. Hii ni Mfungo Tatu.

Hamali wanne walikuwa wamefika, Shee Lali mbele,
kamba begani, jasho kabla ya kazi.
Nikawagawia.
Wakakaa dakani, wakang'ata pembe za mifuko
kama zamani walipokuwa wana wa chuo,
kila mmoja na sarafu yake ya shilingi tano.
Shee akasema, bila kunitazama,
"Sukari yake haikuzidi hata siku moja."
Basi. Nikahudhuria khitima ya pili, isiyo na halua.
Viwili wakapewa watoto waliochungulia.
Cha mwisho kikayeyukia kiganjani mwangu. Sikuweza.

Kisha kazi: godoro kuukuu, kamba ya katani,
kadibodi kwenye pembe,
ngazi yenye kona isiyosamehe.
"Ndoo upande huno! Ndiya yafunga!"
Tukamegua chokaa ukutani kwa kina Mwana Esha;
akatoka na ufagio, akauliza ni ya nani,
akarudi ndani na ufagio wake.
Punda akasimama katikati ya kichochoro kutafakari.
Na kwenye boti la mizigo, lilipoinama upande mmoja,
nahodha akauliza tumembebea maiti gani.
Hakuna aliyecheka, akaona haya, akapunguza nauli.

Sasa fomu.
Maelezo ya mzigo: friza, iliyotumika.
Mpokeaji: Barke, Majengo, karibu na kinu cha unga.
Thamani:
hapo kalamu ikasita.
Ada ya watoto wawili, muhula kwa muhula, shilingi tano tano.
Dawa za baba. Bati la jikoni.
Tiketi yangu ya kwanza ya basi, noti zake zikiwa baridi.
"Andika elfu tano," karani akanong'ona, "bima iwe nafuu."
Nikaandika elfu tano.
Mama angekubali. Naye alipenda nafuu.

Lori likaondoka na msafara, Witu, Minjila, kusini,
likiwa na mita moja na robo ya hewa yetu, imelipiwa, ina risiti.
Siku ya tatu likafika. Bawaba moja imevunjika.
Barke, anayegombana na kila mchukuzi, hakugomba.
Akaiacha isimame usiku kucha kama tulivyoelezwa,
gesi itulie.

Kesho yake, baada ya Isha, simu ikalia.
"Nyamaza," akasema, nami sijatamka neno.
Nikasikia akiilaza simu juu ya kifuniko,
swichi ikabanwa.

Ikakohoa mara moja.