Masika Si Mtu

Kwetu Kilembe jina halichaguliwi,
husubiri zamu.
Binti wa kwanza ni Masika, apende asipende.
Wa pili ni Biira, ndiye mimi,
na wa tatu, akijaliwa kuja, atakuta Kabugho likimngoja mlangoni.

Mwalimu mgeni kutoka Tororo
alicheka alipoita majina:
"Masika! Kumbe wewe ni mvua?"
Darasa zima likaangua kicheko.
Dada akasimama, sketi imeshikwa kwa pini,
akasema, "Ndiyo, mwalimu. Na bati la ofisi yako linavuja."

Nilisimuliwa hayo jioni, mara tatu, nikaomba ya nne.
Kesho yake nikaanza kutembea kama yeye,
mguu wa kushoto nikiuburuta kidogo,
nisijue kwamba yeye aliburuta
kwa sababu ndala yake ilikatika kamba.

Sisemi alikuwa malaika.
Aliiba sukari, kisha akanipaka mimi midomoni.
Alinisuka akivuta kana kwamba anang'oa mihogo.
Na vyura! Msichana wa miaka kumi na minne
juu ya kiti, akipiga mayowe
kwa ajili ya chura mmoja mwenye haya.

Halafu usiku mmoja Nyamwamba ukashuka
na mawe makubwa kama ng'ombe.
Ukala daraja. Ukala choo cha kanisa.
Kulipokucha ulikuwa unalamba ukuta wa jiko letu,
baba yuko juu milimani kwenye kahawa,
na mama yuko ng'ambo, hospitalini, tangu juzi,
na tumbo lake.

Dada akapika uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa,
akaining'iniza shingoni kwa mkanda wa baba.
Akachutama. "Panda."
Mkaratusi ulikuwa umeanguka, umelala juu ya mto,
umevuliwa magome, unang'aa kama samaki.
"Fumba macho, Biira. Hesabu mpaka mia."

Sikufumba.
Niliona maji ya rangi ya chai ya maziwa,
godoro la mtu likipita taratibu kama mgonjwa,
nikasikia mawe yakigongana huko chini
na mgongo wa dada, chini ya kifua changu,
haukutetemeka.
Sabini na moja. Tukakanyaga udongo.

Wodini mama aliuliza nani katuleta.
Dada alikuwa tayari anamimina uji.
Alimtazama mtoto, mwekundu, amekunja ngumi:
"Huyu Kabugho atabebwa na Biira.
Mgongo wangu umejaa."

Miaka baadaye tuliambiwa tuandike insha, *Shujaa Wangu*.
Wenzangu waliandika marais na wachezaji mpira.
Mimi niliandika kurasa mbili na nusu,
zikarudi na duara la wino mwekundu:
*Masika ni majira, si mtu.*
Nimeitunza karatasi ile. Sikubishana nayo.

Sasa ni fundi wa mageti mjini Kasese,
mikono imejaa vidoa vya moto,
na wateja bado humuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.
Juzi nilimpelekea chakula. Akavua miwani yake ya giza,
akatafuna kwanza, akameza, ndipo akasema,
"Siku ile ya mkaratusi,
mimi ndiye niliyefumba."

Nikauliza aliwezaje.

"Ulikuwa unahesabu sikioni mwangu.
Penye utelezi ulinyamaza.
Ukinyamaza, nasimama.
Ukiendelea, naendelea."

Sikupata neno.
Alifuta vidole kwenye ovaroli,
akashusha miwani, akawasha moto,
akanifokea nisitazame cheche.

Nikatazama.