Chumvi ya Kiganja

Jumamosi, jua halijafika kwenye bati la jirani,
natoka Barabara ya Kumi na Nne hadi buchani kwa Sengasu.
Bega kilo mbili, namwambia, na nundu nusu kilo.
Nundu ina mwenyewe, anasema, watu wana harusi.
Siondoki. Nasimama pale kama deni
mpaka anaikata, huku akiguna,
na utumbo wa kondoo, ule mwembamba,
anaufunga kwenye gazeti la juzi.

Nyumbani naugeuza, ndani kuwa nje,
kwa njiti ya ukuti. Maji, ndimu, chumvi ya mawe,
maji tena. Zawena kaziba pua:
Mama, hiki ndicho chakula?
Bado, namwambia. Sasa hivi ni kazi tu.

Mashine ni ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono.
Naibana mezani kwa skrubu yake,
na kipande cha kandambili chini, isiume mbao.
Baba aliipakia kwenye baiskeli kutoka Pongwe
siku Mgiriki alipoliacha shamba la mkonge
akawalipa wapishi vyombo badala ya mshahara.
Mwenzake Mntambo alipewa saa ya ukutani.
Saa ilikufa zamani.

Kule Pongwe alisaga nguruwe,
miaka kumi na moja, na hakumwonja hata siku moja.
Soseji zilipangwa mezani kwa wenyewe
na sahani zikarudi tupu.
Alijuaje? Hatukumuuliza.
Hapa kwetu ni ng'ombe, na bismillahi.

Nakaanga giligilani na shamari bila mafuta,
natwanga. Kitunguu saumu, pilipili manga,
kungumanga nikikwangua mara tatu, si nne,
siki ya mnazi kijiko kimoja,
kisha chumvi: kiganja.
Kiganja cha nani? Chake kilikuwa kama kata.
Changu kinamwaga nusu njiani.

Yeye yuko ukumbini, juu ya kitanda cha kamba.
Tangu kiharusi cha mwezi wa Rajabu
ulimi wake hautofautishi sukari na sabuni.
Hata hivyo nakaanga donge la kuonjea,
nampelekea kwenye kisahani, kwa adabu.
Bado, anasema.

Naongeza chumvi. Nakaanga la pili.
Bado.
Zawena analiiba, anatema:
Babu, chumvi imezidi hii!
Nami hasira inanipanda, hasira ya kimyakimya
ya mtu mwenye mikono iliyojaa nyama,
mpaka natazama kisahani.
Donge la kwanza lipo palepale, limepoa.
Hakuligusa.

Nani kakwambia chumvi? anasema,
mdomo umekwenda upande, maneno yananyooka.
Mimi nasikiliza kikaango.
Hiyo nyama yako inapiga kelele
kama mtu aliyedhulumiwa kwenye mizani.
Ikishiba mafuta hunong'ona.

Na kweli, nilikuwa nimeificha nundu,
kipande kizuri, nyuma ya mtungi,
kwa ajili ya maharage ya kesho.
Sikumwambia mtu.

Nakitoa. Nakisaga. Nakanda upya
mpaka baridi ya nyama inaingia kwenye mifupa ya vidole.
Donge la tatu linaingia kikaangoni
nasi sote tunanyamaza, hata kuku wa Bi Tamasha,
ama ndivyo nilivyosikia mimi.
Sss, linasema. Polepole. Kama siri ya jikoni.
Hapo, anasema Baba, na anafumba macho.
Chumvi nayo, ilipopata mwenzake, ikatulia.

Faneli, utumbo, kidole gumba.
Zawena anasokota: mbili kulia, moja kushoto,
anakosea, moja inapasuka, tunacheka.
Zinaning'inia kwenye kamba ya jikoni
zikivuja tone moja moja kwenye beseni.

Mwisho napitisha kipande cha mkate mkavu
kusukuma nyama iliyobaki tumboni mwa mashine.
Unatoka mwekundu, unanukia shamari.
Naukaanga. Nampelekea.
Huu anautafuna, taratibu, kwa upande mmoja,
na simuulizi
anasikia nini.