Kidole Hakisomeki

Mashine imekataa mara ya nne.
Bi Kerubo anafuta kioo kwa kitambaa, ananiambia
bonyeza, mzee, usiogope, si moto.
Nabonyeza. Taa ya kijani inapita chini ya dole gumba
kama mtu apitaye mlangoni kwa jirani asiyemjua.
Kidole hakisomeki, yasema skrini. Jaribu tena.

Nina faili. Ndani yake
nakala za vibali kumi na kimoja, kila kimoja
kilikufa kwa tarehe yake, nikakizika, nikaomba kingine;
cheti cha tabia njema; picha mbili, masikio yaonekane;
barua ya mwenye nyumba wa Kaloleni
aliyeandika kwamba mimi ni mtu wa kulipa kodi,
Februari akaiacha kando, Mungu amlipe.
Saandia amezipanga usiku kucha, klipu mdomoni:
Baba, uliingia lini? Ulitoka lini?
Kwenye fomu pana jedwali la siku ulizokuwa nje ya nchi.
Nikamwambia, siku arobaini na moja, Iconi, kumzika mama.
Akasema, tuandike "sababu za kifamilia",
nafasi ni ndogo.
Ilikuwa ndogo kweli.

Vidole hivi vilikuwa na mistari nilipofika.
Ni mji huu ulioisugua.
Miaka kumi na tisa natengeneza friji:
ya bucha wa Mwembe Tayari,
ya bibi wa barafu za ukwaju kule Majengo,
ya bwana harusi aliyelipa nusu, nusu hadi leo.
Gesi imenirukia, lehemu imenidondokea.
Kila baridi niliyoirudisha ndani ya nyumba ya mtu
iliondoka na kipande cha ngozi.
Mkitaka alama zangu, zifuateni huko,
nyuma ya majokofu, penye vumbi na mende,
mtanikuta nimejaa tele.

Simwambii hayo. Nasema: ni kazi, mama.
"Kazi gani?"
Namwonyesha kwa kidevu friji ya maji pale pembeni.
Sikiliza. Kwa inavyokoroma hivyo, haifiki Ijumaa.
Anacheka. Kisha, "Kiswahili hiki
umejifunzia wapi? Mbona kama cha vitabuni?"
Kwa mke wangu. Kibokoni.
"Yuko wapi, tuweke na kitambulisho chake?"

Mwanasha yuko Kikowani.
Yeye alipewa ukaazi wa kudumu kwa alasiri moja,
bila picha, bila ada, bila kuitwa namba,
na waliomsindikiza wakarudi makwao kula.
Bi Kerubo anasema pole. Anasema pia, kwa sauti ya chini,
ungekuja yeye akiwa hai, ingekuwa njia fupi.
Najua. Kila mwaka tulisema mwaka kesho.

Neno hili "kudumu" nimelitazama sana,
limepigwa chapa nzito juu ya ukurasa.
Sisi tulifunzwa kumwachia Mola peke yake.
Mimi naomba dogo kuliko hilo:
nisiulizwe tena, kila baada ya miaka miwili,
nitaondoka lini.

"Pumzisha mikono," anasema. "Wiki mbili.
Usishike dawa, usishike moto. Paka mafuta ya nazi,
ngozi hurudi. Halafu uje, utafute dirisha langu."
Wiki mbili bila kazi,
na ada yenyewe nusu bado iko mifukoni mwa watu.

Ngazini simu inalia. Ni zahanati ya Ganjoni:
fundi, friji ya chanjo imezima tangu alfajiri,
fundi, tafadhali.
Nimebana faili kwapani. Nalitazama dole gumba
juani, laini kama kisahani cha kahawa,
na pale pembeni, labda ni jua tu,
kama kamstari.

Nakuja, nasema.
Lakini nitafutieni glavu.