Mbili Nukta Saba Tano

Ghalani kwetu, ghorofa ya chini, Ghubra,
moyo ni rafu tatu.
Ya kwanza: waya za kuongozea, nyembamba
kama nywele za kitoto cha arubaini.
Ya pili: mirija, imekunjwa duara
ndani ya mifuko isiyopitisha hata pumzi.
Ya tatu, yenye kufuli: vimia vya chuma,
kila kimoja kimebanwa juu ya puto lake
kama mwavuli ambao haujajua mvua.
Miaka kumi na moja navihesabu.
Najua siku vitakapokufa
kuliko siku walizozaliwa wanangu.
Sijapata kukigusa hata kimoja kikiwa uchi.

Jumatatu, kwenye orodha ya chumba cha pili:
Muhenna bin Zahor, miaka sabini na moja.
Nikasoma tena.
Nikaenda kuhesabu glavu
ambazo nilikwisha kuzihesabu.

Huyu ni ami yangu, fundi viyoyozi wa Wadi Kabir,
aliyeingia Maskati na bisibisi mbili
na Kiswahili cha Bujumbura,
akapanda mapaa ya Ruwi mwezi wa saba,
saa ambazo hata kunguru hutafuta kivuli,
akatulea, sisi watoto wa marehemu nduguye,
kwa neno moja: mashine haifi kwa uzee.
Hufa kwa kuziba. Tafuta palipoziba.
Kifua kilipombana alinipigia simu,
sauti kavu, kama anayesoma risiti:
"Kompresa nzima. Kapilari ndiyo imeziba."

Saa tatu kasorobo, simu ya ghala.
Dokta Azza anataka mbili nukta saba tano
kwa kumi na nane. Kabatini hakuna.
Hakuna? Niliandika mimi kuwa ziko mbili.
Funguo, boksi, tarehe: mwezi wa kumi na moja, bado hai.
Nikapanda ngazi kwa miguu,
lifti yetu ina nyodo zake.

Wakanivika aproni ya risasi, nzito kama deni,
nikasimama ukutani.
Mkono wake wa kulia umenyooshwa ubaoni,
na pale alipozoea kuvaa saa
imechomekwa ala ndogo ya plastiki.
Ala, kama ya jambia,
ila kinachopita humu hakina makali.
Waya imetangulia, ikibisha hodi
mlango baada ya mlango: kiwiko, kwapa, bega.
Mrija umefuata nyuma bila kuuliza njia.
Hakuna kisu. Tone moja la damu
kwenye kitambaa cha kijani,
na mzee wa watu yuko macho, midomo inakwenda.

"Anaomba dua?" Sista Bindu akaninong'oneza.
Nikatega sikio.
"Waambie," ami alikuwa akisema, macho darini,
"feni yenu ya ndani, beringi inalia.
Wiki mbili, haizidi.
Itawafia katikati ya mtu."

Wakachana pakiti.
Ile sauti ya karatasi kuachana na plastiki,
miaka yote ile sikuwahi kuisikia.
Puto likajaa. Sekunde kumi na tano.
Ami akakunja uso, akakata maneno,
na katika kimya kile
hata mimi nikaisikia feni. Kweli inalia.
Puto likanywea, likarudi lilikotoka,
kimia kikabaki kimeshikilia ukuta.
Kisha dawa ikapita, nyeusi kwenye skrini,
ikateremka tawi lote
hadi kwenye vijiti ambavyo, dakika moja nyuma,
havikuwako.

Nikarudi ghalani. Daftarini, safu ya "imetumika",
nikaandika: moja.
Safu ya maoni huwa naiacha wazi.
Nikaandika: beringi, chumba cha pili.

Alasiri nilimkuta wodini,
kifundo kimefungwa bangili ya hewa,
uji umepoa mbele yake.
Nimejitayarishia maneno njia nzima.
Hata salamu hakunipa.
"Wamekwenda kuitazama?"