Barafu ya Shilingi Kumi

Mlangoni nimebandika karatasi:
BARAFU YA UKWAJU, KUMI.
BARAFU TUPU YA SAMAKI, ULIZA BEI.
Na mwanangu wa tatu, Shekuwe,
yuko mahali ambapo barafu haina wa kuiulizia bei,
inaelea tu, kubwa kuliko Ngome,
haina mwenyewe wala mlango wa kubisha hodi.

Hunitumia sauti akipata mtandao.
Nyuma ya maneno yake mashine zinanguruma:
dobi, mama, mimi ni dobi wa meli.
Mashuka mia na arubaini, taulo sijui ngapi,
na soksi za wazee wa Kizungu
waliovuka dunia kumtazama ndege asiyeruka.
Chumba chao kiko chini ya usawa wa maji.
Kitanda cha juu chake, cha chini cha Mfilipino, Rodel,
ambaye hulala na viatu, anaogopa kengele.
Usiku kucha barafu inakwaruza ubavu wa meli
kama mtu anayekuna nazi, mama,
mtu asiyechoka, na nazi isiyoisha.

Nikamuuliza la maana: unasali vipi?
Akacheka. "Yua huku halitwi, mama.
Hushuka hadi ukingoni, likaghairi."
Basi hufuata adhana ya Langoni.
Na sikiliza maajabu:
nikisema mimi saa kumi na mbili na nusu,
saa ya ukutani mwao nayo inaonyesha kumi na mbili na nusu.
Kwangu maghribi, popo wametoka.
Kwake adhuhuri kavu, mato yanauma kwa weupe.
Meli nzima inadhani inahesabu Kizungu;
yeye peke yake, kati ya pasi na kikapu,
anajua kuwa ile saa inasema Kiswahili.
Anatandika taulo safi baina ya mashine mbili.
Kibla humwandikia msaidizi wa nahodha,
bibi mmoja wa Norwei, nyuzi za dira kwenye kikaratasi,
kila siku upya, wala haombwi,
maana meli hugeuka.

Siku ya kuondoka nilimtilia asumini mfukoni,
ndani kabisa, kwenye mshono.
Kabla ya kukanyaga kile kisiwa walipangwa foleni, wageni na watumishi,
viatu vikasuguliwa kwa dawa,
mifuko ikapitishiwa mashine ya kufyonza vumbi:
mbegu isishuke, unyoya usishuke,
hata chembe ya mchanga wa Shela.
Maua yangu yakaonekana. Saba, meusi, makavu.
Mkaguzi aliyanusa kwanza.
Kisha akayafyonza.
Shekuwe alinisimulia kama kichekesho.
Mimi sikucheka hadi Alhamisi.

Jana stima ilikatika tangu alasiri.
Nimekaa na beseni, vifuko vinalegea kimoja kimoja,
nawagawia bure watoto wa chuoni,
vidole vyao vyote rangi ya ukwaju.
Simu ikalia. Video.
Ukuta mweupe, ndani samawati kama kioo cha chupa ya dawa.
Wageni wenye majaketi mekundu wamenyamaza, utadhani hotuba ya Ijumaa.
Kisha ukuta ukaketi majini,
polepole, kama mtu mzima anayeumwa magoti,
na mshindo ukafika baadaye.
Wageni wakapiga makofi.

Nikampigia. Makofi ya nini?
Akanyamaza. Nyuma yake mashuka yanageuka, yanageuka.
"Sijui, mama.
Hata mimi nilipiga."

Kifuko cha mwisho nilikinyonya mwenyewe.
Mkali. Sukari nilisahau.
Saa tatu stima ikarudi, friji likashtuka, likaanza kunguruma,
na kabla sijakoroga ukwaju mwingine
nikaishika simu karibu na mlango wake,
nikamtumia sekunde kumi na mbili za mngurumo huo,
bila neno.