Usivionee Huruma

Vilifika Matamba ndani ya soksi ya mtoto,
vitatu, vina magamba kama saumu iliyochoka,
na kikaratasi cha shangazi Subilaga, mwandiko wake wa mwisho:
Usivile. Usivionee huruma.

Nikavifukia Novemba, udongo umelowa,
kina cha kiganja na vidole vyake,
samadi ya mbuzi pembeni, isiguse mwili.
Tweve akauliza, "Vinaliwa?"
Nikasema haviliwi.
Akarudi kwenye viazi vyake.

Juni, sakitu ikashuka kutoka Kitulo.
Asubuhi ndoo ina kioo juu,
majani ya maboga meusi
kama yaliyomwagiwa uji wa moto.
Bua la yungiyungi limelala chali.
Basi, shangazi, nimekuzika mara ya pili.

Nilichukua jembe.
Nikakumbuka kikaratasi, nikalirudisha.

Mwaka wa pili: majani tu, na fuko
aliyekula kimoja.

Mwaka wa tatu, Januari, giza linaingia,
Tweve alisimama mlangoni na buti za matope:
"Nani humu kajipaka marashi?"
Hakuna.
Tukatoka na tochi.
Manne, meupe, midomo wazi kwenye ukungu,
harufu nzito hadi kwenye zizi la jirani.
Akainama. Chavua ikambaki puani, rangi ya kutu,
akalala nayo.

Siku hizi sakitu ikinusa tu milima
ni yeye anayebeba nyasi kavu kwenda kufunika,
akinung'unika njia nzima:
haviliwi hivi, haviliwi.